Unesi Hauuzwi Madhabahuni

Nalisema mapema ili asiyetaka kukerwa afunue ukurasa mwingine: baadhi ya wachungaji, viongozi wa vyama vyetu na wazee wa heshima hapa Observatory, Yeoville na Bertrams wanawasaidia matapeli kuwala watoto wetu. Labda hawajui. Labda wanajua na wananyamaza. Kwa mzazi aliyekwisha kulipa ada, tofauti iko wapi?

Biashara yenyewe mnaijua. Ibada ikiisha anasimama mtu na vipeperushi vyenye picha ya binti aliyevaa nguo nyeupe, stetoskopu shingoni. Anasema chuo chake kinafundisha unesi kwa miezi 6, matriki si lazima, makaratasi ya aina yoyote yanapokelewa, na ada inalipwa kidogo kidogo. Mchungaji anampa kipaza sauti. Akina mama waliochoka kuuza mboga na kusuka nywele Rockey Street wanatoa walichonacho, kwa kuwa kwetu hakuna ndoto kubwa kuliko unesi. Nesi ana mshahara, ana heshima, na tunaambiana kwamba nesi anaweza siku moja kuhamia Uingereza au Kanada. Miezi 6 ikipita binti anakabidhiwa cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Nimevisoma vyeti vya namna hiyo. Neno nesi halimo. Kilichoandikwa ni mhudumu wa wagonjwa majumbani.

Simdharau mhudumu. Kumwogesha mzee na kumlisha ni kazi halali, wengi wetu tunaishi kwa kazi hiyo, na yapo mafunzo yake ya kweli yanayotambuliwa na HWSETA, mamlaka ya mafunzo ya sekta ya afya. Ninachokikataa ni uongo kwamba cheti hicho ni ngazi ya kwanza, na kwamba binti atapanda taratibu hadi awe nesi. Cheti cha uhudumu hakichukui nafasi ya matriki, wala hakimwingizi mtu kwenye daftari la wauguzi. Hata nesi msaidizi, aliye chini kabisa katika daftari hilo, anatakiwa awe na matriki na asome mwaka mzima. Diploma ni miaka 3. Shahada ni miaka 4. Hiyo miezi 6 imetoka wapi?

Nchi hii ina Baraza la Uuguzi, SANC, na ina Sheria ya Uuguzi namba 33 ya 2005. Chuo kisicho na kibali cha Baraza hakiruhusiwi kufundisha uuguzi, na mwanafunzi halali huandikishwa na Baraza angali darasani. Orodha ya vyuo vyenye kibali hutolewa na Baraza lenyewe, na limeonya juu ya vyuo vya uongo miaka nenda miaka rudi. Hakuna siri hapa. Tunakaa chini ya kilima ambacho mwaka 1915 Robert Innes, akiwa katika kituo cha kutazama nyota kilichoupa mtaa huu jina, aligundua Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua. Sisi tunashindwa kusoma karatasi iliyo mkononi.

Najua jibu litakalokuja: "Serikali imetufungia milango, ulitaka watoto wafanye nini?" Ni kweli, milango ni migumu, na sitaki kumdanganya mtu. Vyuo vya umma vya Gauteng, kama Chris Hani Baragwanath na Ann Latsky, vina nafasi chache kuliko waombaji, na mgeni yuko nyuma ya foleni. Wenyeji nao wanakosa, na wapo waliofuzu kabisa wakaandamana kwa sababu hawana ajira. Hao si adui zetu. Kisha kuna suala la makaratasi. Mwenye kibali cha mwomba hifadhi, kile cha kifungu cha 22, anakifanya upya kila baada ya miezi michache, naye anaomba kozi ya miaka 3. Mwaka 2003, katika kesi ya Watchenuka, Mahakama Kuu ya Rufani ilisema mwomba hifadhi hawezi kunyimwa tu kusoma na kufanya kazi kwa amri ya jumla. Lakini mwaka 2022, katika kesi ya Rafoneke, Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba uwakili unaweza kuachiwa raia na wakazi wa kudumu peke yao. Kesi ile ilihusu mawakili, sawa, ila mwenye masikio alisikia: kusoma ni kitu kimoja, kupokewa katika taaluma ni kingine.

Na shida ya manesi wetu wenyewe si ya kubuni. Mwaka 2025 watu wa Operation Dudula walisimama kwenye milango ya zahanati, ya Yeoville ikiwamo, wakiwarudisha wagonjwa wasio na kitambulisho cha nchi, mpaka Novemba mwaka huo mahakama ilipowapiga marufuku. Hata anayefanikiwa kuingia ana kazi ya kujieleza. Mama aliyetoka Bukavu anasema ana kichomi, kisha anasema moyo unamwenda mbio, na anayemsikiliza anajua Kizulu na Kiingereza. Mtoto wa mama huyo ndiye ninayetaka kumwona amevaa sare.

Basi mlango uko wapi? Upo mmoja ambao hatuusemi makanisani wala misikitini, kwa sababu hauna kipeperushi. Sheria ya uraia, kifungu cha 4(3), kilichoanza kutumika Januari 1, 2013, inampa nafasi ya kuomba uraia mtoto aliyezaliwa hapa na wazazi wasio wakazi wa kudumu, akiwa ameishi hapa tangu kuzaliwa mpaka utu uzima, na kuzaliwa kwake kuwe kumeandikishwa. Home Affairs walikaa miaka wakikataa hata kupokea maombi hayo, hadi Novemba 2018, katika kesi ya Ali, Mahakama Kuu ya Rufani ilipowaamuru wayapokee. Someni tena lile sharti: kuzaliwa kuandikishwe. Siku 30. Ni wangapi kati yetu waliotoka hospitali na ile karatasi ya wodini, wakaiweka chini ya godoro, wakangoja "mambo yatulie"? Cheti wanachopewa watoto wetu huandikwa kwa mkono na hakina namba ya kitambulisho, kwa hiyo tunakidharau. Hicho hicho kinachodharauliwa ndicho kitakachoulizwa.

Hapa hapa Observatory, katika shule ya Sacred Heart College, mwaka 2008 ulianzishwa mradi wa Three2Six, watoto wa wakimbizi wakisoma kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni, kwa sababu shule nyingine ziliwakataa. Mtoto aliyezaliwa hapa mwaka ule anatimiza miaka 18 mwaka 2026. Huyo hahitaji chuo cha miezi 6. Anahitaji cheti chake cha kuzaliwa, na baba au mama wa kumsindikiza kupanga foleni.

Jambo la pili ni darasa la 10. Ndipo mtoto anapochagua kati ya hesabu kamili na ile nyepesi iliyoletwa mwaka 2006, Mathematical Literacy. Baadhi ya vyuo huikubali ile nyepesi kwa alama za juu zaidi, vingine haviitaki kabisa. Biolojia, ambayo shule huiita Life Sciences, nayo huulizwa mara nyingi. Mzazi anayeitikia kila kitu kwa "mwalimu ndiye anayejua" anamwachia mtu mwingine afunge mlango, naye atagundua miaka 3 baadaye.

Kwa aliyekuja mtu mzima sina tamu ya kumwambia. Diplôme d'État ya Kongo, au cheti cha sekondari cha Kenya au Tanzania, kipelekwe SAQA kikapimwe. Mwenye hadhi kamili ya ukimbizi anaweza kufikia ukazi wa kudumu, lakini tangu Januari 2020 anangoja miaka 10, si 5 kama zamani. Ni ndefu. Wenye vipeperushi wanajua kuwa ni ndefu, na wanauza ufupi.

Wachungaji na mashehe, sikatai mtu kutangaza chuo. Jumapili au Ijumaa ijayo akija, muulizeni mbele ya watu: namba ya kibali chenu cha SANC ni ipi, na watoto wetu wataandikishwa na Baraza mwezi gani? Mpeni muda wa kutosha kujibu. Akianza kuzungumzia ada, mwondoeni mbele, na mahali pake ikae meza ya kukagua vyeti vya kuzaliwa.