Daktari, Mgonjwa na Gobore

Tuchukue mfano wa mtu aliyelipukiwa na gobore porini nje ya Makongolosi. Afikapo hospitalini hueleza kwamba ameungua jikoni. Hakimbii dawa, anakimbia swali, kwani gobore lisilo na leseni ni kosa kwa sheria ya silaha ya mwaka 2015. Basi daktari atasafisha ngozi iliyoungua, na vipande vya chuma vitabaki ndani ya nyama.

Lawama si ya mgonjwa peke yake. Mazoea ya kumdai majeruhi fomu ya polisi, PF3, kabla hata ya kumgusa, yamemfundisha mwananchi kwamba daktari na askari ni mtu mmoja.

Huko Marekani, jimbo la Florida liliona dawa ni kuwafunga madaktari midomo. Sheria yake ya mwaka 2011 iliwakataza kuuliza habari za bunduki pasipo sababu ya tiba au usalama, na katazo hilo likabatilishwa na mahakama ya rufani mwaka 2017. Wenzetu wale walidai kulinda haki. Kwetu bunduki ni kibali cha serikali, si haki ya kuzaliwa.

Kwa hiyo daktari na aulize: kimelipuka nini, kilijazwa nini, na kama kipo kingine nyumbani, watoto wanakifikia? Lakini aseme kwanza kwamba anauliza ili atibu. Fomu ingoje damu izuiwe. Viongozi wa afya wilayani Chunya wawaeleze wananchi hivyo katika mikutano ya hadhara.