Barasi si Ukoma, wala si Aibu

Msichana mmoja wa mtaani kwetu alivunjiwa posa kwa sababu ya doa jeupe shingoni, lisilozidi ukubwa wa shilingi. Wazee wa upande wa mume waliposikia kuwa ana barasi walirudi kudai mahari yao, na mmoja wao akasema pale pale mlangoni, "Hatuwezi kutia ukoma nyumbani." Tangu siku hiyo binti huyo hatoki ila kajifunika gubigubi.

Ndugu msomaji, kosa limo katika neno lile. Kiswahili chetu kilipokea kutoka Kiarabu majina mawili: barasi, ambayo wengine huiita mbalanga, na jedhamu, ambayo ndiyo ukoma. Vitabu vya fiqhi vya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu wengi wa pwani, huyataja maradhi haya kila moja peke yake miongoni mwa ila zinazompa mume au mke hiari ya kuvunja ndoa. Watu huishikilia sana hukumu hiyo. Lakini hiari si faradhi. Na lau maradhi hayo yangekuwa mamoja, wanavyuoni wasingeyahesabu mawili.

Utabibu nao wasema vivyo hivyo. Ukoma huletwa na kijidudu, na doa lake aghalabu hufa ganzi. Tena tangu miaka ya 1980 wenyewe hutibika kabisa kwa vidonge. Barasi haiambukizi. Haipatikani kwa kupeana mkono, kwa kula sinia moja wala kwa kulala kitanda kimoja. Hutokea pale kinga ya mwili inapokosea ikazishambulia chembe zinazoipa ngozi rangi yake. Doa huwa jeupe kama maziwa, na ukiligusa mwenyewe huhisi. Katika kila watu 100, mmoja hivi anayo.

La kusikitisha ni kwamba hofu huwapeleka wagonjwa mahali pabaya. Wako wanaochanjwa chale, wako wanaochomwa kwa dawa kali, na wako wanaosugua doa mpaka likatoka damu. Hawajui kuwa ngozi yenye barasi ikikatwa au ikiunguzwa, mara nyingi doa jipya huzuka pale pale penye jeraha. Mtu huenda na doa moja, akarudi na matano.

Ajuaye aende mapema kwa daktari wa ngozi. Kwanza atahakikishiwa ni barasi au ni kitu kingine, kwani hata mba huacha madoa. Kisha ziko dawa za kupaka za kutuliza kinga ya mwili, na iko tiba ya mwanga maalumu, mara 2 au 3 kwa wiki, kwa miezi kadhaa. Uso hurejea rangi kwa wepesi. Vidole na viganja ni vizito. Yeyote aahidiye kuponya barasi yote kwa wiki moja ni mwongo, na akupe mafuta gani, usimpe pesa zako. Na doa lifunikwe na jua kali, maana ngozi hiyo huungua upesi.

Wahenga walisema mficha maradhi mauti humuumbua. Barasi haiui, ila kwa maneno yetu tumewazika watu wangali hai.

Nasi tuliosoma chuoni hatuna udhuru. Katika Sahihi ya Muslim imo habari ya Uwais al-Qarani, mtu wa Yemen aliyekuwa akimtumikia mamake. Alikuwa na barasi, akaponywa, ikabaki kiasi cha dirhamu moja. Mtume alimwagiza Sayyidna Omar kuwa akimpata mtu huyo, amwombe amtakie maghufira. Na Omar alimtafuta mpaka akampata, akamwomba.

Doa la dirhamu halikumzuia Omar kuomba dua kwa mwenye nalo. Vipi doa la shilingi limzuie binti wa watu kuolewa?