Uongo Uliolipiwa



Ujumbe ukiingia usiku katika kundi la familia, nao umetumwa na shangazi ambaye hajapata kutudanganya, nani atauliza umeanzia wapi? Ndivyo wanavyotaraji walioutunga. Uongo wa siasa leo si umbeya wa barazani tu. Ni biashara yenye ofisi, waajiriwa na wateja.

Mei 2019, Facebook iliondoa akaunti, kurasa, makundi na matukio 265 yaliyohusishwa na kampuni ya Archimedes Group ya Israel. Waendeshaji wake walijifanya wenyeji wa nchi kama Nigeria, Senegali na Togo, na kurasa zao zilifuatwa na akaunti zipatazo milioni 2.8. Januari 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walieleza kuwa mwaka uliotangulia kampuni za kibinafsi zilifanya kazi ya namna hii katika nchi 48.

Nasi Kenya hatukusazwa. Machi 2018, televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilimwonyesha mkuu mmoja wa Cambridge Analytica, aliyerekodiwa kwa siri, akijigamba jinsi walivyoziendesha kampeni za urais za 2013 na 2017 nchini mwetu. Akasema pia kuwa uchaguzi haupiganwi kwa ukweli bali kwa hisia, na kwamba kinachomsukuma mtu ni matumaini na hofu. Mei mwaka huo kampuni ikatangaza kufungwa. Biashara yenyewe haikufungwa.

Hofu ya jirani, basi, ni bidhaa. Mtengenezaji hulipwa, nasi twaisambaza bure, tena kwa jina letu jema. Imani ya wanawe kwa mama yao haiuzwi dukani. Ndiyo maana huiazima kwetu.

Suratul Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuihakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Ujumbe ukikupandisha moyo, usiupeleke mbele. Tazama nani aliusema mwanzo, na lini. Na ikiwa umetoka kwa shangazi, usimsahihishe mbele ya kundi. Mpigie simu, umwamkie, kisha umwambie: “Shangazi, habari ile nimeitafuta asili yake sikuiona, tuizuie kwanza.”

Uchaguzi wa 2027 utapita. Jirani tutabaki naye.