Nambari za Hitilafu Zisemwe kwa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni usiku wa kiza. Siku hizi huduma nyingi za serikali, na hata maombi ya kujiunga na vyuo, hupitia kwenye tovuti. Tovuti ikikwama hutoa nambari na maneno machache ya Kiingereza, naye mzazi hubaki ameduwaa. Hapo ndipo mwenye saiba humwambia, "Mama, tujaribu tena," na kila jaribio lina bei yake. Mimi nasema hii si haki, na dawa yake iko karibu.

Kwanza, tujue seva ni nini. Ni kompyuta inayohifadhi tovuti na kumjibu kila anayebisha hodi. Jibu lake huwa na nambari ya tarakimu tatu, na ile tarakimu ya kwanza ndiyo hutoa siri. Ikiwa ni 4, seva inaona kasoro katika ombi lako. 404 maana yake ukurasa haupo: labda umekosea herufi katika anwani, au ukurasa wenyewe umehamishwa. 403 ni kukatazwa kuingia. 429 ni kwamba umebisha mara nyingi mno.

Ikiwa ni 5, basi kosa liko upande wa wenye tovuti. 500 ni hitilafu ndani ya seva yao. 502 ni kama karani wa mapokezi aliyeletewa jibu bovu kutoka ofisi ya ndani, na 504 ni karani huyo kungoja jibu hadi akachoka. 503 ni seva kuzidiwa na wageni au kuwa katika matengenezo. Si ajabu itokee siku ya matokeo, maana nchi nzima inagonga mlango mmoja!

Basi tufanyeje? Ukiona 404, kagua anwani au anzia ukurasa wa kwanza wa tovuti. Ukiona 503, kununua bando jingine ni kazi bure. Ngoja, kwani kubofya mfululizo kunazidisha msongamano. Na 504 ikitokea ukiwa unalipa, usilipe tena upesi. Huenda ombi lilifika, jibu ndilo likapotea. Tazama kwanza ujumbe wa malipo.

Wapo watakaosema eti haya ni mambo ya mafundi na Kiingereza ndiyo lugha ya kompyuta. Siwaungi mkono hata kidogo. 404, 500 na 503 zimo katika kanuni za HTTP zilizochapishwa tangu 1996, kila mtu azisome. Nambari hazibadiliki, lakini maneno ya kuzieleza mwenye tovuti anaweza kuyaandika apendavyo. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mbona basi ukurasa usiseme, "Tumezidiwa na wageni. Kosa si lako. Rudi baada ya saa moja"? Sentensi tatu tu zingemwokolea mzazi nauli na pesa za saiba.

Wanachama wenzangu, tusiwangoje wenye tovuti. Tuibandike orodha hii kwenye ubao wa matangazo, na sisi wa shule ya kutwa tuipeleke nyumbani jioni hii hii. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini asiyeijua lugha huhitaji wa kumsomea.