Oili Nzito Si Kinga ya Injini ya Kisasa

Miongoni mwa imani zilizokita mizizi katika gereji zetu ni ile isemayo kwamba nchi ya joto yahitaji oili nzito. Fundi huchovya kidole, huisugua oili baina ya vidole viwili, kisha hutoa hukumu: hii ni nyepesi kama maji, haitaliweza jua la hapa. Basi gari lililoundwa Japani kwa ajili ya oili ya daraja la 0W-20 hutiwa 20W-50, au SAE 40, na mwenye gari huondoka akiamini kwamba amelikinga. Rai yangu katika makala haya ni kwamba imani hiyo, iliyokuwa na msingi wake zamani, leo yatutia hasara. Na kwamba hatuna haki ya kumlaumu fundi kabla ya kumpatia maarifa hayo kwa lugha anayoisoma.

Yafaa kwanza ieleweke maana ya namba hizo. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilianza kuzipanga oili kwa mnato mwaka 1911. Mnato ni ukinzani wa kimiminika dhidi ya kutiririka: asali ina mnato mkubwa, maji yana mnato mdogo. Namba ya mwisho huonyesha mnato wa oili katika nyuzi 100 za Selsiasi, yaani karibu na hali ya injini iliyokwisha kupata moto. Namba inayotangulia herufi W, ambayo ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi, hueleza jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi. Kwa hiyo 0W-20 na 20W-50 si oili dhaifu na oili imara. Ni oili mbili zilizokusudiwa mashine mbili tofauti.

Sasa tuitazame hoja ya joto. Injini haifanyi kazi katika joto la hewa iliyo nje. Themostati huyaongoza maji ya kupozea yakae karibu na nyuzi 80 hadi 100, gari liwe Dar es Salaam au Tokyo. Na Tokyo yenyewe mwezi wa Agosti hupita nyuzi 30 mara kwa mara. Mzigo mkubwa na mlima mrefu, kama ule wa Kitonga, huongeza joto la oili, lakini jambo hilo mwundaji amelipima na kulitolea maelekezo. Kinyume chake, gari lililolala usiku kucha huwashwa asubuhi oili ikiwa na nyuzi 25 au 30. Kwetu hilo ni joto. Kwa oili hiyo ni baridi. Wakati huo 20W-50 huwa nzito mara tatu au zaidi kuliko 0W-20, na huchelewa kufika sehemu za juu za injini, ambako vyuma huanza kusuguana mara tu ufunguo unapozungushwa.

Tena, katika injini za leo oili haifanyi kazi ya kulainisha na kupoza tu. Tangu katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Toyota imekuwa ikiunda injini za mtindo wa VVT-i, ambamo shinikizo la oili ndilo linalobadili wakati wa kufunguka na kufungwa kwa vali. Oili hiyo hupita katika vijia vyembamba na vichujio vidogo. Magari madogo ya aina hiyo, kama Vitz na IST, yamejaa katika barabara zetu. Ukiyatia oili yenye mnato usiotarajiwa, vali huitika kwa kuchelewa, na sehemu ya petroli huteketea kwa kuisukuma oili badala ya kuliendesha gari. Petroli hiyo taifa huinunua kwa fedha za kigeni.

Wala mnato si kipimo cha ubora. Ubora huonyeshwa na alama nyingine, ile ya taasisi ya mafuta ya Marekani, API. Kwa injini za petroli herufi ya kwanza ni S, na ya pili husogea mbele katika alfabeti kadiri viwango vinavyopanda. Kwa mujibu wa taasisi hiyo, oili ya daraja la SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizoundwa baada ya mwaka 1988. Daraja la SP lilianza mwaka 2020. Oili nzito ya SF, hata iwe na rangi ya kuvutia na bei nafuu, imepitwa na injini nyingi inazotiwa.

Hata hivyo nisieleweke kwamba oili nyepesi ndiyo bora daima. Wahenga walisema kila chombo kwa wimbile. Injini kuukuu iliyoundwa kwa 20W-50 na ipewe 20W-50. Aghalabu mwundaji huruhusu madaraja kadhaa kwa injini moja, kwa mfano 5W-30 pamoja na 0W-20, kwa kuzingatia nchi na kazi ya gari. Ni kweli pia kwamba injini iliyochakaa huweza kupunguza kula oili ikipewa iliyo nzito kidogo. Lakini huo ni mkongojo, si tiba. Mwamuzi awe kitabu cha gari, wala si kidole.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Kitabu hicho, kikiwamo ndani ya gari lililotumika, mara nyingi kimeandikwa Kijapani. Na maandishi ya kopo ni ya Kiingereza. Fundi afanye nini ila kufuata mazoea ya aliyemfundisha? Wanafunzi wetu wa uhandisi hukokotoa mnato kwa hesabu ngumu, lakini wengi wao hushindwa kumweleza fundi jambo hilohilo kwa Kiswahili, ilhali neno lipo.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwagizaji wa magari alazimike kumpa mnunuzi karatasi ya Kiswahili yenye daraja la mnato, daraja la API, ujazo wa oili na muda wa kuibadili. Pili, Shirika la Viwango litake makopo yote ya oili yawe na maelezo ya Kiswahili. Tatu, vyuo vikuu na vyuo vya ufundi viandike pamoja kijitabu kifupi kwa ajili ya gereji.

Wakati hayo yakingojewa, mwenye gari atazame kifuniko cha kujazia oili, kwani katika injini nyingi daraja limeandikwa hapo. Kwa dereva wa teksi aliyelipata gari lake kwa mkopo, injini ndiyo shamba lake. Ikifa kabla ya deni kwisha, ataendelea kulipia chuma kisichotembea.