PAMBA YA BABA, NJAA YA MTOTO

Ndugu Wanaushirika,

Leo sisemi habari za mizani wala za bei. Nasema habari za yule kijana anayelala kwenye baraza la ghala letu. Jina simtaji, mnamjua. Wengine mnamwita mhuni. Siyo mhuni hata kidogo. Ni mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekosa nyumba.

Pamba ilipouzwa baba yake alipokea fedha, akaingia kilabuni, wiki mbili hakuonekana. Mama alipouliza akapigwa, akarudi kwao. Kijana akabaki na wadogo zake wawili na debe moja la mahindi. Wadogo amewapeleka kwa bibi yao. Yeye anabeba mizigo hapa ghalani, na jamani, kuna watu wanamlipa nusu ya ujira wa mtu mzima kwa mzigo ule ule!

Mtu atasema, shule si bure? Kweli, ada mpaka kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016. Lakini daftari, viatu na sare hununuliwa. Na aliyelala njaa utamfundisha hesabu gani?

Pamba ile ililimwa na nani? Wakati wa palizi tuliwaona mama na watoto, baba hatukumwona. Lakini daftari la ushirika lina jina moja tu, la baba, na karani analipa jina. Wengine wananijibu eti tusiingilie nyumba ya mtu. Sikubali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema anayejua kwamba mzazi mwenye uwezo anamnyima mtoto chakula au elimu, ni wajibu wake kutoa taarifa serikali za mitaa. Ofisi ya kijiji si hiyo hapo ng'ambo ya barabara! Sheria ile ile inakataza mtoto kubebeshwa mizigo mizito.

Katika mkutano mkuu nitaleta hoja kwamba mke aandikwe uanachama pamoja na mume, na malipo yapokelewe mbele ya wote wawili. Wanaume wenzangu mnaokasirika, njooni mpinge pale pale mkutanoni, siyo kilabuni.

Kijana alipwe kwanza nusu anayodai. Halafu karani analalamika kila siku kwamba stakabadhi zinamshinda. Kijana huyu ana hati nzuri kupita yangu mimi niliyesoma kisomo ukubwani. Akitoka shule jioni akae pale mezani aandike, alipwe.

Katibu wa Chama, Tawi