ACHENI KUNG'OA THEMOSTATI, UGONJWA WA GARI LAKO UKO KWINGINE

Najua wapo watakaosema bwana shamba amehamia gereji. Sawa. Lakini perege wa hapa Mtera wakiharibika kwa sababu Canter imelala pembeni ya barabara mlima Nyang'oro, au nyanya zikachemkia kwenye tenga kabla ya kufika Dodoma, hasara hiyo ni ya kwako kama ile ya viwavi shambani. Tena inauma zaidi, maana gharama zote umeshaziweka. Kwa hiyo leo mbolea ipumzike, tuongee injini ya dizeli inayochemsha.

Naanza na ugomvi. Ushauri mbaya kuliko wote unaotolewa huku kwetu ni huu: "Gari linachemsha? Toa themostati, nchi yetu ya joto, kile kidude ni cha Ulaya kwenye baridi." Unalipa, kinang'olewa, kinatupwa, unaondoka umefurahi. Miezi michache baadaye unasaga hedi.

Themostati ni mlango mdogo wa maji. Injini ikiwa ya baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate moto haraka. Yakifika nyuzijoto kati ya 76 na 82 hivi, kutegemea injini, mlango unaanza kufunguka na maji yanakwenda kwenye rejeta. Sasa nikuulize: jua la Mtera likiwa kali sana ni nyuzi ngapi? 35, tuseme hata 38. Iko wapi 38 na iko wapi 82? Injini haijui kama iko Migori au Ulaya. Mlango unafunguka kwa joto la maji, siyo la hewa. Kule Oman, ambako kiangazi kinapita nyuzi 40, Land Cruiser zinakwenda na themostati zao.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hawakuambii. Kwenye injini nyingi za Kijapani, themostati ina kisahani cha pili chini yake. Mlango wa rejeta ukifunguka, kisahani hicho kinaziba njia ya mkato. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta kabisa. Ukiwa mtupu kwenye tambarare hutaona kitu. Ukiwa na mzigo mlimani, gari linachemsha kuliko mwanzo. Asubuhi nayo injini inachelewa kupata moto: dizeli haiungui vizuri, nyingine inateremka kwenye oili, unakula mafuta mengi bila kujua.

Niwe mkweli, ikiwa themostati imekwama imejifunga njiani, kuitoa ili ufike nyumbani siyo dhambi. Dhambi ni kuacha hivyo mwaka mzima.

Na kuipima hakuhitaji kompyuta. Ifunge kwa uzi, iningʼinize kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, isiguse chini. Ikiwa ya baridi lazima iwe imefungwa. Ianze kufunguka kabla maji hayajachemka, na maji yakitokota iwe wazi kabisa. Ikigoma, nunua mpya yenye nyuzi zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani. Bei yake huwezi kuilinganisha na ya hedi.

Nadhani najua tabia hii imetoka wapi. Zile pawatila zilizosambaa wakati wa Kilimo Kwanza, kuanzia 2009, nyingi zina tangi la maji la wazi juu ya injini. Zile zimeundwa maji yachemke, mvuke utoke, wewe unaongeza ndoo. Mkulima akizoea hivyo, akanunua gari, anaona kuongeza maji kila safari ni jambo la kawaida. Si la kawaida! Gari limefungwa kwa presha. Kifuniko cha rejeta kilichoandikwa 0.9 kinafanya maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 115. Bila presha hiyo, hapa Mtera, mita kama 700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye 97 au 98, na ukipanda Iringa, zaidi ya mita 1,500, yanachemka kwenye 95. Kwa hiyo kile kifuniko chenye mpira uliopasuka, ulichokibana kwa kipande cha nailoni, kinaweza kuwa ndiyo ugonjwa wote. Anza hapo, ndicho kitu rahisi kuliko vyote.

Kisha jiulize gari linachemsha WAPI, maana mahali ndipo panapotaja ugonjwa. Likichemsha limesimama mnadani au kwenye foleni, lakini likienda mwendo linapoa, tafuta feni: mkanda umelegea, au klachi ya feni imekufa. Zima injini ikiwa ya moto, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka hovyo kama pia, imekwisha. Likichemsha mlimani na mzigo tu, shuku rejeta. Kwa nje huwa imezibwa na vumbi, mbegu za nyasi na wadudu wa usiku. Ioshe kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini kwenda mbele, usiipige presha ukalaza mapezi. Kwa ndani inazibwa na maji tunayoweka wenyewe. Visima vingi vya Dodoma vina chumvi, na lile tabaka jeupe unaloliona kwenye birika ndilo linalojenga ndani ya rejeta. Weka kulanti, ukikosa kabisa tumia maji ya mvua. Dizeli inaihitaji kulanti kuliko petroli, maana maji matupu yanatoboa laina vitundu vidogo vidogo.

Angalia pia moshi mweusi. Chujio la hewa lililojaa vumbi au nozeli zinazomwaga mafuta huongeza joto, na hapo utabadilisha rejeta tatu bure.

La kuogopa ni gasketi ya hedi. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, jaza maji, mtu awashe. Maji yakitoa mapovu mfululizo hata yakiwa bado ya baridi, au hozi ya juu ikawa ngumu kama jiwe ndani ya dakika mbili ukiwa umeifunga, moto wa silinda unaingia kwenye maji. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ni ushahidi mwingine. Hapo usisafiri. Na fundi akifungua, hedi ipimwe unyoofu kabla ya kufunga gasketi mpya, hata kama ana haraka, hata kama mwenye samaki anapiga simu.

Wewe mwenye gari, nawe nina neno nawe. Dereva akikupigia kwamba geji imepanda, usimwambie "sogea sogea utafika". Geji ikipanda hadi mwisho halafu ghafla ikashuka, dereva wengi wanashangilia gari limepoa. Maji yamekwisha! Kipimo kinasoma hewa, na injini inaungua kimyakimya. Azime hapohapo. Asifungue kifuniko kwa angalau nusu saa, mvuke ule unabambua uso. Asimwagie injini maji ya baridi, hedi itapasuka. Ikipoa, aongeze maji kidogo kidogo injini ikiwa inaunguruma taratibu, na samaki wahamishiwe gari lingine.

Wiki ijayo nitarudi kwenye vitunguu. Mwenye themostati yake kabatini, aipeleke kwenye sufuria leo jioni.